Tumbaku shambani, jiko halina mboga: Tuisome upya Suratun-Nahl

 

Ndugu zangu Waislamu, wiki hii napenda tuzungumzie chakula na kinywaji cha ndugu zetu wa vijijini. Nimechukua mfano wa wilaya ya Sikonge, iliyo kusini mwa mji wa Tabora. Wengi tunaosoma gazeti hili tunaishi mijini, lakini mama zetu, shangazi zetu na wadogo zetu wako vijijini. Hali ya sufuria zao inatuhusu, na Siku ya Kiyama tutaulizwa juu yake.

Khutba kuhusu vyakula vya haramu tumezisikia nyingi, na tunawashukuru masheikh wetu. Hata hivyo, katika Suratul-Baqara aya ya 168, Allah (SW) anawaamrisha watu wote wale vilivyomo katika ardhi kwa sifa mbili: viwe halali, na viwe twayyib, yaani vizuri, safi na vyenye manufaa. Sifa ya kwanza tumeishika. Ya pili tumeiacha njiani. Ugali mweupe kwa chumvi ni halali, lakini mtoto anayelishwa huo asubuhi na jioni hawezi kukua vizuri.

Neema nne katika sura moja

Ukiisoma Suratun-Nahl kuanzia aya ya 65 hadi ya 69 utaona Allah (SW) anatutajia vinywaji kwa mpangilio wa ajabu. Anataja maji yateremkayo kutoka mbinguni na kuihuisha ardhi. Anataja maziwa yatokayo matumboni mwa wanyama, yakiwa safi baina ya kinyesi na damu. Kisha matunda ya mitende na mizabibu, ambayo watu hutengeneza ulevi na pia hupata riziki njema. Mwisho anataja nyuki, na kile kitokacho matumboni mwao ambacho ndani yake mna ponyo kwa watu.

Sasa itazame Sikonge. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Ng'ombe wapo. Miembe ipo, na katika misitu ya miombo kuna ntalali, furu, mbula na uyoga. Asali ya Tabora inajulikana nchi nzima, na Sikonge ni katika wilaya zinazoitoa. Neema zote nne zipo mlangoni. Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini basi bado tuna watoto wanaodumaa?

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Na la kushangaza, mkoa ulioongoza ulikuwa Iringa, moja ya maghala ya mahindi ya nchi hii, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikutwa katika hali hiyo. Hapa tunajifunza kwamba kushiba ni jambo moja na lishe ni jambo jingine.

Shamba limekwenda wapi?

Sikonge, kama sehemu kubwa ya mkoa wa Tabora, ni nchi ya tumbaku. Mvua za kwanza zinaponyesha, mkulima anatakiwa kuhamisha miche ya tumbaku, na wakati huo huo ndio wa kupanda mahindi, karanga na kunde. Mikono ni ile ile. Mama anaamkia kwenye tumbaku alfajiri, anarudi jioni amechoka, na kinachopikwa ni kile cha haraka. Fedha huja kwa mkupuo msimu wa mauzo. Ikitumika vibaya, miezi ya mvua hukuta ghala tupu.

Tumbaku yenyewe haiachi mwili salama hata kwa asiyevuta. Anayechuma majani mabichi yenye umande hupenyezwa nikotini kupitia ngozi, akapata kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Watoto huumia zaidi. Makopo ya dawa za mimea nayo hayafai kabisa kuwekewa maji wala mafuta ya kupikia, hata yakioshwa mara kumi.

Najua mkulima atanijibu: "Ustadhi, tumbaku ndiyo iliyonilipia ada na kunipa bati." Ni jibu zito na halifai kubezwa na mtu anayekula mshahara mjini. Lakini wanachuoni wengi wa zama hizi wametoa fatwa kuwa kuvuta sigara ni haramu kwa sababu ya madhara yake, na Tanzania yenyewe iliridhia mwaka 2007 mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Basi Muislamu anayeilima hana budi kuanza kutafuta njia ya kutokea. Na wakati anatafuta, haki ya watoto wake itangulie: shamba la chakula lipimwe kwanza, tumbaku ipewe kinachobaki. Mtume (SAW) amesema, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kuwa inamtosha mtu kuwa mwenye dhambi kwa kuwatelekeza wale ambao chakula chao ni juu yake.

Maji na maziwa

Tukirejea kwenye neema zetu, maji ya dimbwi ambalo ng'ombe na watu wanachangia hayawi salama kwa sababu tu yanaonekana meupe. Uislamu ulifundisha usafi wa maji kabla hadubini haijavumbuliwa. Mtume (SAW) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, akaonya vikali dhidi ya kujisaidia penye vyanzo vya maji, na akaamrisha vyombo vifunikwe usiku. Basi kuchemsha maji, kufunika mtungi na kuchimba choo mbali na kisima kuhesabiwe na kila nyumba ya Muislamu kuwa ni sehemu ya dini yake.

Maziwa nayo yachemshwe. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya homa ya kutupa mimba kwa ng'ombe na vya kifua kikuu. Na yasiuzwe yote. Kama ng'ombe anakamuliwa, kikombe cha kwanza ni cha mtoto. Kwa mtoto mchanga, maziwa ya mama peke yake yanatosha miezi sita bila hata maji, kisha apewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya. Wataalamu wa afya wanashauri anyonye hadi miaka miwili au zaidi. Allah (SW) alikwishaitaja miaka miwili kamili katika Suratul-Baqara aya ya 233, na katika aya hiyo hiyo akamtwika baba jukumu la kumlisha na kumvisha mama. Akina baba, aya hiyo inatuhusu sisi!

Asali na wanzuki

Hapa ndipo penye msiba. Asali ile ile ambayo Allah (SW) ameitaja kuwa ina ponyo, watu wanaivundika ikawa wanzuki, na wapo Waislamu wanaodai kuwa hicho ni kinywaji cha jadi tu. Ndugu zangu, suala hili lilikwishajibiwa. Abu Musa al-Ash'ari (RA), alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu vinywaji vya huko, kimojawapo kikitengenezwa kwa asali. Jibu alilopewa, kama lilivyo katika Sahihi Bukhari, ni kuwa kila kinacholevya ni haramu. Wanzuki haina mlango wa kupita. Na gongo ni balaa zaidi, kwani inapotengenezwa ovyo huweza kupofua macho na kuua.

Tuzingatie pia kuwa asali, pamoja na ubora wake, asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kupambana navyo. Sunna ya tahniki ilifanywa kwa tende.

Tusidharau vya kwetu

Wanyamwezi waliacha elimu kubwa ya chakula. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, mlenda, karanga za kusaga, michembe, matobolwa, uwele na mtama: hivyo vilihifadhiwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Leo kijana anaona haya kula michembe, anataka sembe na soda. Unga wa dona una virutubisho ambavyo sembe imeviacha kinuni. Uji wa mtoto ukitiwa karanga zilizosagwa unakuwa chakula kamili zaidi. Ila mahindi na karanga zikaushwe vizuri na zenye ukungu zitupwe, kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumu hiyo iliua watu.

Wa mjini tunapeleka nini?

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya pwani na Ujiji. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu na, kwa masikitiko, binadamu waliofungwa minyororo. Lakini ilipitisha pia dini yetu, na mbegu za maembe ambazo miti yake ikaenea kando ya njia na katika mji wa Tabora. Je, sisi tunaopanda basi kwenda huko huko tunabeba nini? Kreti ya soda, biskuti na unga wa juisi! Tunampelekea bibi sukari, kisha mwaka unaofuata tunachangishana fedha za kisukari chake.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, zawadi zetu ziwe maharage, dagaa, mbegu za mboga na miche ya matunda. Pili, familia na misikiti ya mijini ichange visima vijijini. Sa'd bin Ubada (RA) alipouliza sadaka bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki aliambiwa ni maji, akachimba kisima. Tatu, maimamu wa Sikonge na vijiji vyake watoe khutba ya chakula mwezi Oktoba, kabla ya mbegu kuingia ardhini, na wawaalike wauguzi kuzungumza na akina mama baada ya darsa. Nne, kila madrasa iwe na bustani ya mboga na miti ya matunda, watoto wajifunze kupanda kama wanavyojifunza kusoma.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Aliyeipanda miembe ile ya Tabora hatumjui jina, lakini watoto bado wanakula. Tumuombe Allah (SW) atujaalie nasi tuache nyuma yetu kitu kinacholiwa.

Wabillahi tawfiiq.