Akiba, Vazi na Jicho la Jirani

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Moshi likishaipita Hedaru, milima ya Upare huwa mkono wa kulia na nyika mkono wa kushoto, na mbele hutokea Makanya: kituo cha zamani cha reli ya Tanga, mashamba ya mkonge, machimbo ya jasi, na vumbi. Hapo ndipo aghalabu mizaha juu ya Wapare huanza ndani ya basi. Mmoja hutaja mkono wa birika. Mwengine huleta kisa cha mwenyeji aliyemkaribisha mgeni chai baada ya kuhakikisha kwamba mgeni amekwishainuka kuondoka. Na nje ya dirisha, kana kwamba ameletwa kutoa ushahidi, huonekana mzee aliyevaa katambuga za tairi na koti lenye viraka, ameketi juu ya magunia ambayo yamkini yote ni yake. Abiria huziona katambuga. Magunia hawayahesabu.

Utani baina ya makabila umeikinga nchi na maradhi makubwa zaidi, na hapana haja ya kuununia. Lakini utani huu una fundo lake. Watu haohao waambiwao mabahili huambiwa pia kwamba ni wapenda kesi, hata Mpare yu tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Msomaji na aziweke tuhuma mbili hizi pamoja, azitazame. Bahili wa kweli angelimwacha kuku aende zake, kwani hesabu yenyewe ni nyepesi: ng'ombe ni mali, kuku ni kitoweo cha siku moja. Auzaye ng'ombe kwa ajili ya kuku hatafuti kuku. Anatafuta kauli itamkwe hadharani kwamba kile alichokuwa nacho kilikuwa chake, na kwamba aliyekichukua alikichukua kwa dhuluma. Huyo si mtu asiyeweza kutoa. Ni mtu aliyekwisha kuamua mahali pa kutoa na mahali pa kufumba mkono, na uamuzi huo hakumshauri jirani wala abiria wa basi.

Hata nje ya Afrika Mashariki, kila ulimwengu umejitafutia Wapare wake. Jahidh wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya mabahili, na waliotangulizwa humo ni watu wa Khurasani, hususan wa mji wa Marw. Jambo moja halisemwi sana na wanaokicheka kitabu hicho: Marw ulikuwa mji uliozungukwa na jangwa, ukaishi kwa maji ya mto mmoja, Murghab, yaliyogawiwa kwa vipimo na kusimamiwa na watu maalumu. Mtu aliyelelewa mahali ambapo hata maji yana zamu hujifunza kuuliza, kabla ya kutumia, ni nani anayengoja baada yake. Mgeni atokaye penye mto mpana huyasikia maswali hayo, akadhani anasikia uchoyo.

Upare nao una chombo chake cha kufundishia jambo hilo. Kinaitwa ndiva. Ni bwawa dogo lililochimbwa penye mteremko, chini ya kijito au mfereji. Jioni hufungwa, maji yakajikusanya usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa ili yaende kwa nguvu mpaka katika mashamba ya wale ambao zamu ni yao. Ndiva zilikuwepo kabla ya Wajerumani, na nyingi zilikuwa mali ya koo. Pale Bangalala, juu ya Makanya, iko ndiva ya Manoo, na wataalamu wa maji kutoka nchi mbalimbali wamekwenda kuisoma kama wanafunzi wanavyosoma kitabu. Hekima ya ndiva ni nyepesi kuieleza, ngumu kuiishi: kijito chembamba kikiachwa kitiririke usiku kucha, maji hupotea mchangani bila ya kumfikia yeyote, kikizuiwa kwa saa chache, hulisha kaya nyingi. Kuzuia, hapa, ndiko kutoa. Lakini ni kutoa kwa baadaye, na jicho la mpita njia, ambalo daima liko katika sasa, haliwezi kukuona. Huliona bwawa limefungwa, basi.

Yaliyotokea Upare katika miaka ya 1940 yanafaa kukumbukwa hapa, kwa kuwa huko jicho la jirani liligeuzwa kuwa sheria. Hadi wakati huo watu walilipa kodi iliyo sawa kwa wote. Utawala ukaleta kodi ya nyongeza, ikapewa jina la mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa kadiri ya mali yake. Kwa maandishi, jambo hilo ni la haki: mwenye kingi atoe zaidi. Lakini nani atakayejua nani ana kingi? Ilibidi wawepo wakadiriaji, watazame zizi, nyumba na shamba, wamtazame mtu mwenyewe, kisha waseme: huyu ana kiasi hiki. Watu walikataa. Mnamo 1945 walishuka kutoka milimani kwa maelfu hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi. Wanawake wa Usangi nao wakaingia katika mapambano, na hatimaye kodi hiyo ikaachwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeyaandika mambo hayo mwaka 1971, ameonyesha kwamba waliogoma hawakukataa kulipa: kodi ile ya zamani, ya sawa kwa wote, walikuwa tayari kuitoa. Mabahili gani hawa, wanaoacha mashamba yao kwa muda mrefu ili wasikadiriwe? Zipo sababu nyingi za mgomo ule, za siasa na za uchumi, na si haki kuzifinyia katika moja. Hata hivyo, mojawapo haina budi kuwa hii: kwamba mali ya mtu aliyezoea kuweka, mali iliyogawanyika kati ya karo, mahari, mgonjwa wa kesho na mwaka wa njaa, haina sura moja ambayo mgeni anaweza kuisoma mlangoni.

Hadi hapa msomaji wa pwani anaweza kuhisi kwamba anasutwa, kwani pwani hupenda vazi. Asiharakishe. Pwani ina historia nyengine, na haiwezi kupimwa kwa kibaba cha mlimani. Unguja, kabla ya 1897, mtumwa alijulikana kwa alichovaa na zaidi kwa asichovaa: kipande cha merikani au kaniki, kichwa wazi, miguu bila viatu. Kufunika kichwa na kuvaa viatu ilikuwa haki ya mwungwana. Ilipotoka amri ya kufuta utumwa mwaka huo (na masuria wakaachwa nje yake mpaka 1909), maelfu ya watu walipata hati ya uhuru ambayo njiani hakuna aliyeiona. Kilichoonekana ni kanga. Mwanamke aliyekuwa na pesa chache akazitoa kununua doti mpya badala ya kuziweka hakuwa mbadhirifu. Alikuwa akinunua kitu ambacho hakiwekwi akiba: kusalimiwa kama mtu. Aliyekuwa akimcheka kwa israfu alikuwa, mara nyingi, ni mtu ambaye hakuwahi kupita njiani na kichwa wazi kwa kulazimishwa.

Kwa hiyo zipo nguo ambazo ni anasa, na zipo nguo ambazo ni deni lililolipwa. Tena kiraka cha Mpare na kanga ya Mnguja vyaweza kuwa ndugu. Mmoja anakificha alichonacho ili asikadiriwe na wenye nguvu. Mwengine anakidhihirisha alichonacho kwa sababu wenye nguvu walikuwa wakimkadiria kwa kutokuwa nacho. Molière, Mfaransa yule aliyeandika juu ya bahili mwaka 1668, miaka miwili baadaye akamwandika mfanyabiashara anayejivika uungwana kwa kushonesha nguo, tamthilia ambayo kwa Kiswahili inaitwa Mchuuzi Mwungwana. Watu walewale waliomcheka wa kwanza walimcheka wa pili. Hadhira haikosi la kucheka.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba kila mtu aachiwe mambo yake. La hasha. Kuna mahali ambapo kubana matumizi huwa dhambi, na mahali hapo si palipo na katambuga. Ni shuleni.

Ada ya shule za msingi Tanzania ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, lakini sare imebaki juu ya mzazi. Sare iliwekwa ili watoto wasitambuliwe kwa mali za wazazi wao. Kila aliyewahi kukaa darasani anajua kwamba haikufua dafu: weupe wa shati una ngazi zake, na kiraka cha sketi kinaonekana kutoka ubao hadi mlango. Na tuseme kuna baba, awe wa Makanya au wa Makunduchi, ambaye anaweka kila senti kwa ajili ya masomo ya juu ya bintiye. Nia yake ni safi. Hesabu zake ni sahihi. Akiba yake ni ya kweli. Lakini anayetazamwa si yeye. Yeye huketi barazani na koti lake kuukuu, akijivunia kutojali macho ya watu. Binti ndiye anayesimama mstarini kila asubuhi, katika umri ambao macho ya watu ndiyo hali ya hewa. Baba ameokoa fedha, na gharama ameilipisha kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Hapo ndipo penye mpaka ambao mizaha ya basini haiufikii. Swali la kumwuliza mweka akiba si kwamba ana kiasi gani, wala amevaa nini. Ni kwamba: hicho ulichonyima, umekinyima nani, na je, anajua? Mtu anayekula mkate mkavu ili mwanawe asome ni mtu mmoja. Mtu anayemlisha mkewe mkate mkavu ili yeye aitwe mwenye busara ni mtu mwengine, hata kama mkate ni uleule na daftari la hesabu ni lilelile. Yule wa kwanza anatumia chake. Yule wa pili amekopa, bila ya kuomba, katika mwili na heshima ya mwenziwe, na kukopa kwa namna hiyo kuna jina ambalo si ubahili. Binti aliyeketishwa chini akaambiwa, "Mwanangu, mwaka huu tutashona kiraka kwa sababu hii na hii," naye akaruhusiwa kukataa, hata kulia, anavaa sketi nyengine kabisa na yule aliyetupiwa kiraka bila neno. Jirani hawezi kuitambua tofauti. Yeye ataitambua maisha yake yote.

Jambo hilo likirejeshwa kwenye maji linakuwa zito zaidi. Makanya iko chini. Juu yake, upande wa Vudee, mvua ni za kutosha na vijito havikauki upesi. Katikati iko Bangalala na ndiva zake. Na huku tambarare, ambako mvua ya mwaka ni kiasi cha milimita 500 au 600 tu, tena iliyogawanyika kati ya vuli na masika, mkulima hawezi kuitegemea kwa mahindi. Maji ya mto hayamfikii siku za kawaida. Yanamfikia kama mafuriko, mvua kubwa inapopiga milimani: yanashuka mekundu, kwa kishindo, kwa saa chache, na yeye hutoka na jembe, hata usiku, kuyaelekeza shambani kabla hayajapita.

Basi na afikiriwe mkulima wa juu, mtu mwema, mwenye kuheshimiwa. Zamani mfereji wake ulikuwa wa udongo, ukivuja njia nzima. Sasa ameusakafia kwa saruji. Hapotezi tone. Maji aliyoyaokoa, badala ya kuyaachia kijito, ameyapeleka katika kipande kipya cha shamba, akapanda mboga, akauza, akalipa karo. Kamati ya ndiva inampongeza na jirani zake wanamwiga. Yale yaliyokuwa yakiitwa mavujo yalikuwa yakienda mahali: mengine yalizama ardhini, mengine yakateremka, taratibu, upande wa wale walio chini. Hakuvunja zamu ya mtu, kwa kuwa watu wa chini kabisa hawamo katika zamu ya ndiva yake. Hakuna mkutano ambao wangeketi mbele yake na kumwuliza.

Anapita kijijini kwake na koti la viraka, nao watu wanasema: huyu ni mwangalifu, hapotezi kitu. Wa Makanya, ambao ndio wenye neno la kusema juu ya akiba yake, hawajawahi kumwona, wala hawajui avaa nini.