Povu Kinywani, Dhima Shingoni

Enyi watu wa Mvita! Nyinyi wa Kizingo mliofuga vijibwa vya manyoya, na nyinyi wa Kibokoni na Ndia Kuu msiotaka hata kivuli cha mbwa kipite barazani kwenu: leo nataka masikio ya nyote. Nimekuja kuwahimiza juu ya mbwa mdogo aliyelamba dawa ya choo. Najua kuna watakaocheka. Maji hayatoki mferejini, unga umepanda bei, na huyu atuletea habari za mbwa! Naam, za mbwa. Acheni kucheka, kwa maana kiumbe huyo anakufa mbele ya macho yetu kwa sumu tuliyoinunua sisi, tukaimimina sisi, tukaiacha wazi sisi.

Kila aliyepita madrasa anaijua hadithi ya mtu na kisima, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtu yuko safarini, kiu imemshika, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema na kulamba udongo mbichi kwa kiu. Akarudi chini mara ya pili, akajaza maji kiatuni mwake, akakiuma kwa meno, akapanda nacho, akamnywesha. Mungu akamsamehe. Tumeisikia mara nyingi hata haitugutushi tena. Itazameni upya leo! Yule mtu hakusema, mimi nishakunywa, yaliyobaki hayanihusu. Hakuuliza mbwa ni wa nani. Hakungoja mwingine apite. Kiatu alikishika kwa meno! Na masahaba walipouliza kama kuna ujira hata katika wanyama, jibu la Mtume, rehema na amani zimshukie, lilikusanya kila chenye uhai.

Sasa laja neno la najisi, nami silikwepi. Pwani hii wengi wetu tu Mashafi. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na mwili wake ukiwa na majimaji ni vivyo hivyo. Kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo siipunguzi hata chembe. Lakini nauliza: ilikuja kutufunza kujitwahirisha, au kutufunza kusimama mikono nyuma huku kiumbe akigaagaa? Anayeogopa avae glavu za kuoshea vyombo. Glavu hizo zinahitajika hata kwa asiyejali najisi, kwa kuwa dawa iliyomchoma mbwa ulimi itakuchoma na wewe vidole. Ukishamfikisha kwa daktari, rudi nyumbani, chukua ndoo ya maji na gao la udongo, osha mara saba. Hata wakati wa shida ya maji, mtungi unapouzwa kwa bei ya kuudhi, hiyo si gharama ya kumwacha mnyama afe.

Natulete jambo karibu. Ni asubuhi, ghorofa ya tatu, nyumba kama nyumba nyingine yoyote ya kisiwa hiki. Bafu limemwagiwa dawa ya choo, ile nzito ya buluu, na juu yake Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, kwa imani kwamba viwili vikikutana uchafu utakimbia haraka zaidi. Hapo pana kosa la kwanza, na ni la hatari kwa watu pia: Jik ikichanganyika na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Hutulia chini, mahali hasa ilipo pua ya kijibwa. Naye kijibwa wa kilo tatu, jina lake Simba kama ilivyo desturi yetu ya kuwapa wadogo majina makubwa, amekatiza juu ya sakafu mbichi, amekwenda kujilaza mkekani, ameanza kulamba nyayo.

“Mama, Simba atoka povu!”

“Mpe maziwa, atatapika.”

La hasha! Asitapishwe! Kilichomchoma koo kikishuka kitamchoma tena kikipanda. Hiyo ni kanuni ya dawa za choo, ya kostiki ya kuzibulia mabomba, ya maji ya betri. Mafuta ya taa ni vivyo hivyo kwa sababu nyingine: akitapika huteleza yakaingia mapafuni, na mapafu yaliyoingiwa na mafuta ya taa huvimba. Wako wanaomnywesha maji ya chumvi. Chumvi nyingi kwa mbwa mdogo ni sumu ya pili juu ya ile ya kwanza. Wako wanaommiminia mafuta ya kupikia kooni kwa nguvu, nayo huishia mapafuni. Na ziko sumu ambazo mafuta huzisaidia kupenya mwilini upesi. Wako wanaosaga mkaa wa jikoni. Mkaa wanaoutumia madaktari hutengenezwa kwa namna yake, na hata huo haushiki Jik wala kostiki. Maji kidogo ya kusuuza kinywa, hayo sawa, maadamu mnyama yu macho na anameza. Miguu na manyoya yaliyoloa yaoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya vyombo, kabla hajajilamba tena. Jicho lililorukiwa limiminiwe maji safi robo saa nzima, hata akilia. Na huku mmoja anaosha, mwingine awe kwenye simu.

Msiniambie amelamba kidogo tu. Kidogo kwa nani? Mtu mzima wa kilo 60 ana uzito wa Simba mara 20. Kijiko kimoja cha chai tumboni mwake ni kama vijiko 20 tumboni mwako, ewe bwana uliyesimama hapo na mikono kiunoni.

Sitaki kumpeleka mtu mbio kwa kila tone, maana nao wako wanaokata roho wao wenyewe kabla ya mbwa. Sakafu iliyopigwa deki kwa Jik iliyozimuliwa vizuri, ikalambwa mara moja, mara nyingi huishia kwenye mate na kutapika kidogo: suuza mdomo na nyayo, mpe maji ya kunywa, mpigie daktari, kaa naye umtazame. Lakini akihema kwa shida. Akitetemeka au kushikwa na degedege. Akiyumba, akianguka, akilala usingizi asioamka. Akitapika bila kupumzika, au pakiwa na damu. Ufizi ukigeuka mweupe au buluu. Ulimi ukibabuka, kinywa akikikwaruza kwa mguu: hapo hakuna tena cha kutazama. Ni kwenda. Ni kwenda usiku, ni kwenda Ijumaa, ni kwenda futari ikiwa mezani!

Tena ziko sumu ambazo huendi kwa sababu umeona dalili. Unakwenda kwa sababu ameigusa, basi. Kostiki ni moja, na mafuta ya taa, na kulanti ya gari, ambayo ni tamu ulimini na huziua figo. Dawa za kuua vijidudu za kupigia deki nazo zinaweza kukaa saa kadhaa kabla vidonda havijatokea kinywani. Lakini inayotudanganya kuliko zote ni dawa ya panya. Iko ile inayozuia damu kuganda. Mbwa huila leo, na kesho anakimbia ngazi, anabweka, anakula. Mwenyewe anashukuru Mungu kwamba yamepita. Siku ya tatu au ya nne, au hata ya tano, anazubaa, anakohoa, ufizi umepauka, kwa kuwa damu inavuja ndani asikoiona mtu. Angepelekwa siku ile ile, daktari angemtapisha kwa dawa yake katika saa mbili za mwanzo, kisha vitamini K1 kwa majuma, na wengi huokoka. Na iko ile ya unga wa kijivu, fosfidi ya zinki, ambayo ikikutana na tindikali ya tumbo hutoa gesi ya sumu inayonuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Mbwa aliyekula dawa hiyo ya unga akitapika ndani ya gari, fungueni madirisha yote, maana gesi hiyo haichagui mbwa na mtu.

Na dawa ya kupe! Hii yaniuma zaidi, kwa sababu hutiwa kwa mapenzi. Mtu anakwenda agroveti, anapimiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe katika kichupa, anaikoroga kwa kukisia, anamwogesha mbwa wa kilo tatu. Baada ya muda mfupi mbwa anadondosha mate, anatokwa machozi, anajikojolea, misuli yatetemeka. Au dawa ikiwa ni ya amitrazi, analala usingizi mzito na moyo unapiga polepole. Kila moja ina tiba yake, na anayeijua ni daktari. Muuzaji wa agroveti ni muuzaji. Wengine ni waungwana na wanajua mengi, lakini usimwombe dawa ya kuondoa dawa aliyokuuzia.

Nikitoka hapo nafika kwenye chupa zetu, na hapa sina huruma. Sabuni ya maji ya kupimiwa, Jik ya kupimiwa, mafuta ya taa ya kupimiwa: zote zimo katika chupa za soda na za maji ya kunywa, hazina jina, hazina alama, zimepangwa chini ya sinki karibu na bakuli la mbwa. Leo kalamba mbwa, kesho atakunywa mjukuu wako. Daktari atakuuliza swali moja kabla ya yote, amekula nini, na wewe utajibu, ni ile ya kijani. Andika jina juu ya chupa kwa kalamu ya wino mzito, ipandishe juu, na siku ya balaa ibebe uende nayo. Chupa hiyo yaweza kumwambia daktari kwa nukta moja jambo ambalo wewe hutaweza kumweleza kwa saa nzima.

Nawageukia sasa vijana wa mitaani. Mbwa anayetoka povu na kuyumba kichochoroni mnampigia ukelele wa kichaa, mawe yanafuata. Kichaa cha mbwa kipo, kinaua watu, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Lakini povu hutokwa pia na aliyechomwa na kostiki na aliyekula dawa ya kupe. Msimguse kwa mikono mitupu, naam. Wazuieni watoto, muiteni mwenyewe, muiteni daktari wa mifugo. Mawe hayajawahi kupima ugonjwa. Na wewe unayetega nyama yenye sumu usiku kwa sababu mbwa wa jirani anakukatiza usingizi, jua kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakuhesabu mkosaji. Jua pia kwamba paka wa Mji wa Kale, hawa mnaowatupia vichwa vya dagaa na kuwaita wageni wa nyumba, ndio wanaofika kwanza kwenye nyama hiyo.

Ndugu yangu wa tuktuk, nawe una lako. Akija mama kakumbatia leso yenye kijibwa ndani, usiku, anatetemeka yeye na mbwa, usimwambie chombo chako kitanajisika. Mwambie aifunge leso vizuri, kwa kuwa mnyama mwenye maumivu huuma hata ampendaye, kisha ondoka. Kiti huoshwa.

Marekani wana kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika lao la kuzuia ukatili kwa wanyama, kinachopokea simu saa 24, kwa malipo. Msikae kukitamani. Leo hii, kabla ya adhana ya Magharibi, tafuteni daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, mumwulize kama hupokea simu za usiku, na kama hapokei, nani hupokea. Namba iandikwe kubwa, ibandikwe ukutani jikoni, dada wa kazi aione na watoto waione. Kisha, ewe mwenye nyumba, mbele ya wote mpe dada huyo ruhusa ya kupiga simu, kutwaa pesa ya nauli na kuita tuktuk, bila kungoja wewe utoke kazini.