Isaka Hakuacha Kuchimba

Ndugu zangu wa Kikula, wa Panda, wa Shituru na wa katikati ya mji, fungueni Mwanzo sura ya 26, muisome polepole kama watu wanaojua kuchimba. Mahali pengine sura hii huhubiriwa kwa mstari mmoja tu: Isaka akapanda, akavuna mia kwa moja, basi na wewe utavuna. Sisi wa Likasi tuisome yote. Mavuno yale hayajapoa bado, watu wakamwonea wivu. Wafilisti wakavijaza udongo visima alivyochimba baba yake. Mfalme Abimeleki akamfukuza. Akashuka bondeni, akachimba, maji yakapatikana, wachungaji wa Gerari wakaja kusema ni yao. Akachimba kisima kingine, nacho wakakigombania.

Sasa niambieni kosa lililomfanya anyang'anywe visima vile. Isomeni sura neno kwa neno, hamtaliona. Hakuwa mvivu, hakuwa mwizi, hakuacha kusali. Alipoteza kwa sababu wenye nguvu walimnyang'anya, basi.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu mji wetu umezoea kufikiri kinyume. Mtu akianguka mara ya kwanza tunasema ni bahati mbaya. Akianguka mara ya pili tunasema ni mzembe. Akianguka mara ya tatu tunaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, na mnong'ono huo unapita kutoka lupango hadi lupango mpaka unafika madhabahuni. Ninasema mbele za Mungu: ni uongo, na umekwisha kuua watu!

Hebu tutaje yaliyotupata, maana Isaka naye alivitaja visima vyake alivyonyang'anywa, hakuvificha kwa aibu. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Tangu 1928 hivi ikaanza kuwataka wafanyakazi wakae na wake zao na watoto wao, kwa mikataba ya miaka mitatu. Ikatoa nyumba, posho, hospitali, shule. Wazazi wetu wakasema Kompanyi ndiyo baba, ndiyo mama, na Gécamines ilipochukua nafasi yake baada ya 1967 wakaendelea kusema hivyo hivyo. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka. Kuanzia Septemba 1991 askari na raia wakapora miji mingi ya nchi. Kufikia 1994 shaba ilikuwa imeshuka hadi karibu tani 30,000. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na kila nyumba ya zamani hapa inaweza kuongeza ukurasa wake: mshahara usiofika mwezi huu, wala ujao, wala ule wa baada yake, na mwanaume anayevaa nguo za kazi kila asubuhi kwa sababu hajui avae nini kingine.

Halafu 2003. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha zilizopitia Benki ya Dunia. Walipewa kitita mara moja, badala ya miaka yote. Mmoja akanunua mashine ya kusaga, mwingine akalipa madeni na ada za shule, mwingine akafungua duka. Wengi waliona kitita kile kikiyeyuka kabla ya masika mawili. Watoto wao wakaingia katika biashara ya mawe ya madini, bei ikapanda, viwanda vidogo vya kuyeyusha vikawashwa, tukasema sasa tumepona. Mwaka 2008 bei ya shaba ikaporomoka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani hadi karibu 3,000 kufikia Desemba. Matanuru yakazimwa na baadhi ya wenye nayo wakaondoka bila kulipa.

Baba uliyeanguka 1994, ukaanguka 2003, ukaanguka 2008, nisikilize. Bei ya shaba hupangwa London. Hukuwapo ilipopangwa. Mkeo hakuwapo. Mama mkwe wako aliyelala chumba cha nyuma hakuwapo. Mtoto wako mwenye miaka minane, anayekojoa kitandani na kuota ndoto za kutisha, hakuwapo!

Kwa maana moyo uliopigwa mara nyingi hutafuta wa kulaumu, na hautafuti mbali. Yule aliyetuumiza kweli yuko juu sana au ameshapanda ndege, basi mkono humwangukia aliye karibu. Tumefanya hivyo Likasi, tusijifiche. Mwaka 1992 na 1993, kazi zilipokuwa zinakufa, tuliambiwa na wakubwa kwamba adui ni jirani aliyetoka Kasai. Watu waliozaliwa hapa, waliosoma nasi, waliozika wazazi wao katika ardhi hii, wakafukuzwa nyumbani. Maelfu kwa maelfu wakalala kwenye kituo cha gari moshi cha mji huu wakingoja treni, na watoto wakafa palepale kwenye mabehewa na kando ya reli. Je, jirani alipoondoka, mshahara ulirudi? Kiwanda cha Shituru kilitoa shaba zaidi? Tuliingia katika nyumba zao na njaa ikaingia pamoja nasi.

Na jirani alipokwisha, tukageukia watoto. Katika miji yetu, kutoka Kinshasa hadi Mbuji-Mayi hadi Katanga, mtoto yatima au mtoto wa mke wa kwanza amekuwa akibebeshwa jina la mchawi kila biashara inapokufa. Wapo wanaojiita wachungaji wanaomfungia mtoto bila chakula siku kadhaa ili eti akiri. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Lakini mimi sihubiri sheria tu. Ninamhubiri Kristo aliyewakaripia wanafunzi wake walipowazuia watoto wasimjie. Mchungaji anayepokea fedha ili akuonyeshe mchawi katika nyumba yako anafanya kazi ya Wafilisti: anajaza udongo katika kisima pekee ulichobaki nacho.

Rudini sasa kwa Isaka. Aliponyang'anywa, aliondoka hapo akachimba mahali pengine. Kuna atakayeniuliza: basi unatufundisha unyonge? Tuache haki yetu? Hapana! Desemba 1941 wafanyakazi wa mji huu, ulipokuwa ukiitwa Jadotville, waligoma pamoja na wa Panda na wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kudai mshahara wa kuwatosha, na askari wa wakoloni wakawapiga risasi. Damu ile ni ya haki. Wazee wanaoendelea kudai malipo yao wana haki, na kanisa lisimame nao. Na Isaka mwenyewe hakunyamaza. Abimeleki alipomjia baadaye na mkuu wa jeshi lake, Isaka alimwuliza usoni: mmenijia kwa nini, ninyi mlionichukia na kunifukuza? Hakulainisha neno hata kidogo. Lakini angalieni alimwuliza lini. Alikuwa ameshapiga hema lake Beer-sheba, watumishi wake wameshaanza kuchimba. Alidai haki yake huku kazi ikiendelea. Wengi wetu tumekaa miaka 20 na barua mkononi, tukisema maisha yataanza tena siku watakapotulipa. Barua iendelee kupelekwa, ndugu. Ila shamba nalo lilimwe mwaka huu, mvua za Novemba zisikukute umekaa.

Najua unavyojibu: sina nguvu. Nakuamini. Kuna uchovu ambao si uvivu. Elia nabii, aliyekuwa ameita moto kutoka mbinguni, alilala chini ya mti akaomba kufa. Malaika hakumfokea wala hakumwambia aongeze maombi. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Mara mbili! Kwa hiyo wewe usiyelala, uliyefunga kula wiki nzima kwa sababu mtu amekuambia kufunga ndiko kutakakokufungulia milango, nenda nyumbani ule bukari. Lala. Na kama giza limezidi hata unafikiri kuondoka duniani, usikae nalo peke yako usiku huu: mwambie mkeo, mwambie kaka, gonga mlango wa parokia au wa hospitali. Kusema si aibu.

Kisha anza, na anza kidogo. Mtazameni mama anayeuza samaki wa Lufira, wale wanaovuliwa katika ziwa la Tshangalele nyuma ya bwawa la Mwadingusha. Magunia yake yakilowa njiani, mtaji wote unaoza. Siku inayofuata anakuja na nusu ya mzigo, wa kukopa. Anatandika gunia chini, anawamimina, halafu vidole vyake vinaanza kuchagua: wazima hapa, waliovunjika kichwa pale, vipande vidogo katika sahani ya bati. Hatupi hata kipande. Vile vya sahani ya bati atamwuzia mwenye fedha kidogo, na jioni vinalipa unga wa kipimo cha meka moja. Wanaume wa mji huu waliposimama na mikono mitupu baada ya mishahara kukatika, wanawake hawa ndio waliolisha Likasi. Hatujawashukuru vya kutosha. Na tusiwashukuru tu, tujifunze kazi yao.

Isaka hakuchimba peke yake pia. Andiko linasema watumishi wake walichimba, walikuwa wengi. Waliokwama na wakwamuane. Likelemba ya watu kumi wanaoaminiana imewainua wengi kuliko mikutano mikubwa ya maombi yenye vipaza sauti. Watu kumi, kila Jumamosi, kiasi kilekile, na anayepokea anasema mbele ya wenzake atakifanyia nini. Tena mchague bonde lenye maji. Vijana, ninaposema chimbeni sisemi mrudi katika mashimo yasiyo na nguzo. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, watu wakaendelea kushuka, na Julai mwaka uleule shimo likawaangukia. Urani ya pale ilitumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Ardhi ile haina huruma na damu ya mtoto wa mtu. Kama unashuka mgodini kwa sababu huna njia nyingine leo, shuka na wenzako, kagua ukuta, toka mvua ikianza. Lakini usiache kutafuta kazi nyingine ya mikono yako.

Mwisho wa sura ile Isaka aliwafanyia karamu walewale waliomfukuza, wakala, wakanywa, asubuhi wakaapiana amani. Siku hiyohiyo watumishi wakaja kumwambia: tumeona maji.

Basi hii ndiyo amri ninayoiacha kwenu wiki hii. Aliyeingia katika nyumba ya jirani aliyefukuzwa, akiwa anajua walipo watoto wa jirani huyo, awatafute, awaombe msamaha, na wazungumze juu ya mali yao. Aliyeacha kuja kanisani kwa aibu ya kufilisika, aje na nguo alizo nazo. Na wewe uliyemtoa mtoto nyumbani kwa jina la uchawi, analala sokoni au chini ya kibaraza cha duka, unajua alipo: mfuate leo kabla jua halijazama, umwite kwa jina lake, umrudishe mezani pamoja na wenzake. Kesho asubuhi mwende naye shambani.