Orodha Iliyotangulia Mdahalo

Mashindano ya mdahalo shuleni huandaliwa kwa nia njema. Lakini nia njema peke yake haimlindi mtoto, kama hakuna mtu mzima aliyekaa chini akaikagua fomu kabla ya kuitoa. Kisa hiki ni cha mfano. Nimekiweka mjini Isiolo, bila jina la shule wala la mtu, nami nakitoa kwa walimu walezi wa klabu za mdahalo, kwa wakuu wa shule, na kwa wazazi wanaotia saini barua za ruhusa bila kuzisoma. Hila iliyomo sikuibuni mimi. Wazazi wenye watoto katika shule za bweni nchini Kenya wanaifahamu, na wapo walioilipia.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili mjini Isiolo aliamua kuandaa mashindano ya mdahalo kuhusu usalama wa mtandaoni. Alikuwa na sababu. Shule zikifungwa, wanafunzi wake hurudi nyumbani wakashika simu za kaka na dada zao. Huko hukutana na makundi ya Telegram yanayouza karatasi bandia za KCSE, na jumbe za mtu anayedai ametuma pesa kimakosa na anaomba arudishiwe. Akaona heri wayajadili mambo haya wangali chini ya uangalizi wa walimu. Akaalika shule za mjini, na nyingine kutoka Garbatulla, Kinna na Merti. Mkuu wa shule akaridhia, bwalo likatengwa, majaji wakapatikana. Hoja ilikuwa hii: katika wizi wa mtandaoni, serikali ni ya kulaumiwa kuliko raia.

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, kwa maana mtu mwenye akili timamu anaweza kusimama upande wowote akasikika. Kasoro ilikuwa kwenye makaratasi.

Mwalimu alichukua fomu ya zamani ya safari za michezo, akaiongezea safu. Jina kamili la mwanafunzi. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya cheti cha kuzaliwa. Kidato. Kijiji anakotoka. Jina la mzazi. Simu ya mzazi. Hakuna aliyemwuliza kila safu ina kazi gani. Simu ya mzazi ilikuwa na kazi, mtoto akiugua. Namba ya cheti cha kuzaliwa haikuwa na kazi yoyote, maana hakuna jaji anayempa msemaji alama kwa cheti chake.

Jumatatu akafungua kundi la WhatsApp, na ili asiachwe mtu, kiungo chake akakisambaza katika makundi mengine ya walimu na ya wazazi. Nao wakakisambaza mbele. Kufikia Jumanne usiku kundi lilikuwa na walimu, madereva, majaji, wazazi, na namba kadhaa ambazo hakuna aliyeuliza ni za nani. Mojawapo haikusalimu wala kuuliza lolote. Ilikaa tu ikisoma. Jumatano jioni mwalimu akaituma kundini orodha nzima ya washiriki, safu zote, ili kila shule ihakikishe majina yameandikwa sawa. Alhamisi akatuma ratiba yenye saa ya kila msemaji. Ijumaa shule moja ikatuma picha za wanafunzi wake wakipanda basi, na chini ya kila picha jina la mtoto.

Jumamosi asubuhi mwenyekiti wa mdahalo alifungua kikao kwa agizo la kawaida: simu zote zizimwe, za walimu na za wageni. Zikazimwa.

Saa tano kamili, kama ratiba ilivyosema, msichana wa kidato cha tatu kutoka Merti alipanda jukwaani kutetea hoja. Alikuwa amejitayarisha. Aliwakumbusha wasikilizaji Julai 2023, wakati kundi lililojiita Anonymous Sudan liliposhambulia mfumo wa eCitizen kwa kuufurikiza maombi bandia hadi ukalemewa, na wananchi waliotaka pasipoti, vyeti na leseni wakakwama. Akaeleza kuwa serikali ilikuwa imehamishia huduma zaidi ya 5,000 katika mfumo huo mmoja. Akauliza: raia angejilinda vipi na shambulio kama hilo? Makofi yakapigwa.

Saa tano hiyo hiyo simu ya babake ililia Merti.

"Assalaam alaikum, mzee."

"Wa alaikum salaam."

Aliyepiga akataja jina la binti, majina yote matatu, na kidato chake. "Mimi ni mmoja wa walimu waliowaleta watoto Isiolo kwa mdahalo. Mzee, usishtuke. Binti ameanguka ukumbini akagonga kichwa. Tumemkimbiza hospitali. Daktari anataka apigwe picha ya kichwa sasa hivi, ni shilingi 6,500. Nakutumia namba ya daktari, utume huko moja kwa moja."

"Mpe simu nimsikie."

"Amewekewa oksijeni, mzee. Hawezi kuongea. Ukichelewa, mimi sitakuwa na la kufanya."

Mzee alifanya alichopaswa kufanya: alimpigia mwalimu wa shule ya binti yake. Akajibiwa na ile sauti ya kampuni kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga simu ya ofisi ya shule, ikalia bila kupokewa, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Binti mwenyewe hana simu, maana shule za bweni haziruhusu. Kati yake na mwanawe palikuwa na safari ndefu ya barabara ya vumbi. Sauti pekee iliyokuwa na habari za mtoto ilikuwa ya yule mgeni, na mgeni alijua kila kitu. Akatuma 6,500, pesa za mbuzi aliowauza mnadani. Baada ya dakika ishirini akaambiwa dawa ni 4,000. Akaenda dukani kukopa, akatuma.

Jioni mwalimu wa shule ya binti alipowasha simu, alikuta jina la mzee limejaa kwenye orodha ya waliompigia. Binti alikuwa ndani ya basi, mzima, amekumbatia zawadi ya msemaji bora. Ujumbe wa M-Pesa ukapelekwa 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini aliyezipokea alikuwa ameshazitoa, na pesa zikishatolewa hakuna cha kurudisha.

Siku hiyo wazazi wengine walipigiwa pia. Nyanya mmoja wa Kinna, anayemlea mjukuu wake, alisikiliza hadithi yote ya hospitali hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Huyo mtoto hapa nyumbani tunamwitaje?" Simu ikakatwa. Jina la nyumbani halikuwamo kwenye orodha.

Hasara ya shilingi 10,500 ni kubwa kwa mfugaji, lakini haikuishia hapo. Mzee alisema binti yake hatatoka tena shuleni kwa mashindano yoyote, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumbembeleza. Msemaji bora akaipoteza klabu yake kwa kosa ambalo hakulifanya.

Sasa tutazame kosa lilikuwa wapi. Tukisikia usalama wa mtandaoni, wengi wetu tunafikiria wadukuzi walioko mbali, wenye mashine kubwa na majina ya kutisha. Wapo, na eCitizen ilituonyesha. Lakini mwizi wa kisa hiki hakudukua chochote. Hakuvunja neno siri wala hakubadilisha laini ya mtu. Alikaribishwa kwa kiungo, akapewa majina, vijiji na simu, kisha akapewa saa ambayo kila mtoto hangepatikana. Mchungaji hamwonyeshi mpita njia mlango wa boma na kumwambia saa anayolala. Mwalimu wetu alifanya hivyo bila kujua, tena katika shughuli ya kufundisha tahadhari. Ndiyo maana wahenga walisema mganga hajigangi.

Asidhani mtu kuwa haya ni makosa madogo ya ofisini yasiyo na mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa. Kifungu cha 33 kinakataza kushughulikia taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na bila kuzingatia maslahi ya mtoto huyo. Taarifa zikivuja na kukawa na hatari ya kumdhuru mtu, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu uvujaji ulipojulikana. Walimu wengi hudhani sheria hii iliandikwa kwa ajili ya mabenki na kampuni za mikopo. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna Immaculate Kassait iliitoza Roma School, iliyoko Uthiru, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Kosa lenyewe lilikuwa picha, jambo ambalo shule nyingi hulifanya kila zinapokuwa na sherehe.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuandaa mdahalo wa aina hii, na ninamsihi auandae, aanze na kalamu nyekundu. Aipitie fomu safu kwa safu, na kila safu isiyo na kazi aifute. Jina, shule na upande anaoutetea mwanafunzi vinawatosha majaji. Simu za wazazi zikae kwenye karatasi moja, mikononi mwa mwalimu anayesafiri na watoto, na karatasi hiyo iharibiwe shughuli ikiisha. Mwalimu wa kila shule akague majina ya wanafunzi wake peke yake, na orodha ya shule zote isipelekwe katika kundi lolote. Maji yakimwagika hayazoleki, na orodha ikishafika katika simu za watu wasiojulikana haikusanyiki tena.

Kundi la WhatsApp liwe la walimu wahusika tu. Mwalimu awaingize mmoja mmoja kwa namba anazozijua, asitegemee kiungo kinachozunguka. Picha zipigwe kwa idhini ya maandishi ya mzazi, zitolewe watoto wakisharudi salama, na jina la mtoto lisiandikwe chini yake. Ada ya ushiriki, ikiwapo, ilipwe kwa akaunti ya shule, isitumwe kwa namba ya mtu binafsi, ili mzazi azoee kuwa shule haiombi pesa kwa njia hiyo.

Ukumbini simu zizimwe, isipokuwa moja. Mwalimu mmoja akae nje ya bwalo na simu iliyowashwa, na namba yake iwe imeandikwa kwenye barua ya ruhusa ambayo mzazi ameitia saini. Kama mzee wa Merti angepata mtu wa kupokea, wizi ule ungekwisha kwa dakika moja.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kabla mtoto hajarudi shuleni, kaeni naye mkubaliane neno ambalo mgeni hawezi kulijua: jina la nyumbani, au jina la mbuzi wake, au la shangazi anayempenda. Anayepiga simu na habari za ugonjwa aulizwe neno hilo. Hospitali zina wauguzi na mapokezi, na mtu anaweza kuuliza jina la hospitali akapiga mwenyewe. Ujumbe wa kitapeli wa M-Pesa upelekwe 333 bila malipo. Mtoto akitishwa au akisumbuliwa mtandaoni, namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

Hoja zenyewe zichaguliwe kwa uangalifu. Hoja kama "Intaneti ina hatari" haina mpinzani wa kweli, na mdahalo usio na mpinzani ni hotuba. Wape wanafunzi hoja zinazowagusa: kwamba mzazi ana haki ya kupekua simu ya mtoto wake, kwamba shule za bweni ziruhusu simu, kwamba anayelaghaiwa mtandaoni arudishiwe pesa na kampuni ya simu. Halafu uwape na kazi ambayo haina makofi. Kabla ya siku ya mashindano, klabu iikague fomu ya mashindano yake yenyewe, iseme nini kifutwe, na mwalimu akubali kufuta. Mwanafunzi aliyewahi kufuta safu isiyohitajika kwenye fomu ataikumbuka kila atakapoombwa namba ya kitambulisho dukani, kwenye programu ya mikopo, au na mwajiri asiyemjua.

Walimu wa Isiolo na wa kaunti jirani, andaeni midahalo hii, maana watoto wetu wanaihitaji. Ila kabla ya kumwalika msemaji wa kwanza, ichukueni ile orodha, mjiulize ingekuwaje kama ingesomwa na mtu mwenye njaa ya pesa za wenzake. Kilichomo humo kinachoweza kumsaidia mtu huyo, kifuteni leo.