Mikono ya Musa Ilichoka



Tusome Kutoka 17:12. Musa, nabii mkubwa, mikono yake ilichoka. Wakamkalisha juu ya jiwe, na Haruni na Huri wakaishika mikono hiyo mpaka jua likazama. Katika sura ya 18, mkwewe Yetro akamwonya kwamba kazi ile ilimzidi, hakuiweza peke yake.

Sasa tuwatazame mama zetu wa Goma. Wengi huamkia kuteka maji, kisha kulima sombe na maharagi katikati ya mawe ya volkeno. Januari 2025, vita vilipoingia mjini na masomo yakasimama, wakawa pia walimu wa watoto nyumbani. Usiku wanalia kimya. Wakiulizwa, wanajibu: "Tuko sawa, Mungu anajua."

Mama, Mungu anajua, lakini jirani hajui mpaka umwambie. Kuomba msaada si kukosa imani. Musa alikuwa na fimbo ya Mungu, na bado alihitaji mikono ya watu. Sema wazi: "Dada, kesho nitekee bidoni mbili. Mtoto wangu asome pamoja na wako." Katika likelemba tunazungusha pesa, tuzungushe na kazi.

Nasi baba, tusikae kitini tukingoja chakula. Haruni na Huri walikuwa wanaume. Tuchukuliane mizigo, Wagalatia 6:2.

Bwana awabariki. Amina.