Risiti za Mwani

Mwanafunzi wa sheria anayekuja kufanya fildi katika kituo cha msaada wa kisheria hapa Unguja huja na kesi moja kichwani: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kupika, kufua na kulea watoto nako ni mchango katika mali ya ndoa. Wahadhiri huisomesha kwa fahari, na wana haki. Ila Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizowahi kupewa na mumewe amezitapanya. Na kwa mwanafunzi wa hapa kuna zito zaidi: Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyotafsiriwa katika hukumu ile, haitumiki Zanzibar.

Tuna yetu. Sheria ya Mahakama ya Kadhi, Namba 9 ya 2017, inampa kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale ambapo mchango halisi umekuwepo. Ni hatua kubwa. Kazi iko katika kuuthibitisha huo mchango.

Chukua mwanamke wa Jambiani au Paje. Mwani ulianza kulimwa huko kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakitoka wanashuka, wanafunga kamba kwenye vijiti wameinama, jua la utosi. Fedha ya mwani haikuwahi kuwa nyingi, lakini ilinunua sare za skuli, ikanunua matofali, ikanunua mabati. Nyumba ikasimama juu ya kiwanja cha ukoo wa mume. Siku talaka inapotoka, mwanamke hurudi kwao na vyombo vyake na godoro, na kijiji kizima huona ndivyo ilivyo.

Binti wa jirani yangu hapa Mkunazini, anayesoma sheria, alikaa mezani mbele ya mwanamke wa namna hiyo. Akauliza alichofundishwa kuuliza: "Bi, una risiti?"

"Risiti ya nini, mwanangu? Pesa nilimpa yeye akanunue."

Hapo kitabu kilifika mwisho. Hata kama risiti ingepatikana, ingekuwa na jina la mume. Aliyeokoa mazungumzo ni msaidizi wa sheria wa kule kijijini, mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo kikuu. Maswali yake yalikuwa mengine kabisa. Fundi alikuwa nani? Matofali yalifyatuliwa kwa nani? Mwaka ule ulikuwa unacheza upatu na kina nani, na zamu yako ilipofika ulifanyia nini? Mara yakatoka majina ya wanawake waliokuwepo siku upatu ulipogeuka mabati, na jina la fundi aliyelipwa mkononi na mke kwa sababu mume alikuwa dago, kambini kwa uvuvi. Hao ni mashahidi. Binti akaandika mpaka mkono ukamuuma, na akaniambia baadaye kuwa somo la ushahidi alikuwa amelifaulu bila kulijua.

Marehemu Profesa Haroub Othman, aliyefariki Juni 2009, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar mwaka 1992. Wengi humkumbuka kwa makala na mijadala ya siasa. Mimi naona urithi wake mkubwa ni hawa wasaidizi wa sheria ambao kituo kile kimewafunza na kuwarudisha majumbani kwao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 ikaja kuwatambua rasmi. Pamoja na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ZAFELA, wao ndio mlango wa kwanza kwa mtu asiye na pesa ya wakili.

Sasa tazama fildi zetu zinavyokwenda. Mwanafunzi hupewa kiti, akatumwa kutoa kopi na kutafuta mafaili, daftari likatiwa saini, basi. Anayeweza hutafuta ofisi ya mawakili yenye jina. Simlaumu sana. Daladala ya kwenda kusini na kurudi inatoka mfukoni mwake, na chakula cha mchana vilevile. Wengi hukaa mjini kwa kukosa nauli, wala si kwa uvivu. Chuo kinachotaka wanafunzi wake waijue jamii kianzie kwenye nauli. Kisha kimpe kila mmoja msaidizi wa sheria wa kumfuata na mteja mmoja wa kumfuatilia hata baada ya likizo, maana kesi haiishi kwa kuwa muhula umefunguliwa.

Liko pia jambo ambalo sijaona mtaala ukiligusa. Kisiwa chetu ni kidogo. Kabla ya mteja kufungua kinywa, inafaa aulizwe mume ni nani, wa ukoo gani, anaishi wapi, kwani huyo kijana mwenye kalamu anaweza kuwa mpwa wake. Ikiwa ndivyo, atoke chumbani, na akitoka asiseme hata nyumbani kwao kwamba alimwona nani pale barazani. Kwa mwanamke anayeogopa kijiji, siri ikivuja mara moja tu harudi tena, wala hatamshauri mwenziwe aende.

Kesi ya yule bibi bado haijaamuliwa. Fundi ameshatoa ushahidi wake, wenzake wa upatu wamepangiwa tarehe nyingine, na mume ameomba muda atafute wakili. Alama za fildi za binti zilishatoka zamani. Juzi alikuwa akimpigia simu yule msaidizi wa sheria kuulizia tarehe.