Joto Lisilo la Homa



Katika Injili ya Luka, sura ya 8, tunasoma habari za mama aliyetokwa na damu miaka 12. Mara nyingi huhubiriwa imani yake. Safari hii tutazame lile alilolifanya akiisha kupona: alikuja akitetemeka, akaeleza mambo yake yote mbele ya watu. Habari za damu ya mwanamke, na wanaume wamesimama hapo! Bwana hakumkemea, bali alimwita binti.

Tunao akina mama hapa Kibaha na kule Kisarawe waliougua saratani ya matiti. Wameshika barabara ya Morogoro au ile ya Pugu hadi Muhimbili na Ocean Road, wamepasuliwa, wamepigwa mionzi, nasi tukatoa shukrani kanisani kana kwamba kazi imekwisha. Kumbe wengi wao wana kidonge cha kumeza kila siku kwa miaka 5, wengine hata 10. Saratani nyingi za matiti hukuzwa na homoni ya kike iitwayo estrojeni, na dawa ya tamoksifeni huiziba njia homoni hiyo. (Dawa hii ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 na watu waliotafuta dawa ya kuzuia mimba, ikashindwa kazi hiyo. Nani asilikumbuke lile jiwe lililokataliwa?)

Basi mama wa miaka 38 hupatwa na mambo yaliyompata mama yake alipofika 50. Joto humpanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni. Jasho la usiku hulowesha shuka, usingizi hukatika, moyo huwa mzito, na tendo la ndoa humwumiza kwa ukavu. Huku Pwani mwezi wa Januari sote twatoka jasho, nani atamtambua? Hupimwa malaria, haionekani. Mumewe hudhani amechukiwa. Jirani hunong'ona habari za kurogwa. Mwisho vidonge huwekwa chini ya godoro, na ile saratani hupata nafasi ya kurudi.

Akina mama, msiache dawa kimya kimya. Mwambieni mganga yote, hata la chumbani. Zipo dawa za kupunguza joto hilo, ila msijichagulie dukani, kwa maana baadhi hudhoofisha tamoksifeni, na zile za kurudisha homoni zaweza kuichochea saratani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au damu ikionekana baada ya hedhi kukoma, msingoje tarehe ya kliniki.

Mume na amsindikize mkewe kliniki, asikie kwa masikio yake mwenyewe. Umoja wa akina mama, ambao hawakosi kuchanga penye msiba, wachange nauli ya kwenda Dar es Salaam mwenzao akingali hai. Nao wazee wa kanisa wamwekee nafasi karibu na dirisha, wala asiulizwe kwa nini ametoka nje katikati ya mahubiri.